Thibitisha Wewe Ni Binadamu

Siku kompyuta iliponiambia mimi si binadamu, nilikuwa na mswaki mdomoni.

Nafungua laptopu asubuhi, povu linanitiririka kidevuni, nakutana na maandishi mekundu: "Akaunti yenu imefungwa. Mfumo umegundua inaendeshwa na roboti. Kila kilichomo kitafutwa baada ya siku saba."

Roboti. Mimi. Mwenye meno yaliyosuguliwa nusu.

Nikatema povu, nikasoma tena. Maandishi yaleyale.

Ngoja nirudi nyuma kidogo.

Shangazi yangu, aliyenilea tangu nikiwa darasa la pili, alikuwa opareta wa simu hotelini. Miaka ishirini akiunganisha watu kwa sauti. Halafu macho yakaanza kufifia, na mwaka niliomaliza chuo yakazima kabisa.

Nikamtengenezea programu ya kumsomea maandishi. Zilizokuwepo zilisoma Kiswahili kama mtu aliyeshuka kwenye ndege jana.

"Huyu nani?" aliuliza siku ya kwanza. "Ana mafua?"

Nikarekebisha. Akalalamika. Nikarekebisha tena.

Rafiki yangu wa chuo, tunayemwita Chuma kwa sababu hachoki kubishana, akashauri iwe programu huria. Yaani msimbo wake, yale maelekezo yanayoiendesha, tuuweke wazi mtandaoni, anayetaka auchukue bure, anayeweza ausahihishe.

Ila msimbo unahitaji nyumba. Kuna huduma za mtandaoni zinazopokea miradi kama yetu: msimbo unakaa pale, na watu wanakuja kuripoti makosa na kujadiliana.

Tukabaki na mbili mezani. Moja ilipambwa kama ukumbi wa harusi, vitufe vya rangi, kila kitu humohumo. Tukaibatiza Kasri. Nyingine kavu, maandishi matupu. Tukaiita Kibanda.

Chuma alitaka Kasri. "Dada, watu wanaanza kupenda kwa macho!"

Hapa ndipo lilipo kosa langu. Nisikilizeni.

Asubuhi ya siku hiyo nilikuwa nimejaribu kuingia Kasri nikiwa nimefumba macho, kwa kibodi na programu yetu tu. Nilikwama mlangoni. Kasri ilitaka nithibitishe kuwa mimi ni binadamu kwa kuchagua picha zenye ngazi.

Picha. Kwa mtu asiyeona.

Kwa hiyo nilikuwa na neno. Lilikuwa hapa kooni.

Chuma akanitazama. "Una la kusema?"

Uso ukawaka moto. Mimi ndivyo nilivyo. Nikikanyagwa mguu, ni mimi ninayeomba radhi.

"Hapana," nikasema. "Kasri sawa tu."

Miaka minne ikapita, mradi ukakua. Wasioona waliingia Kasri kwa kuomba jirani au mtoto awachagulie zile picha. Wakishaingia wanaandika: neno hili mashine inalikosea, lisomwe hivi.

Mwaka huu mwalimu mmoja wa shule ya wasioona akatuandikia. Wanafunzi wake wangesomewa maswali ya mtihani na programu yetu. Akawaalika walimu wenzake arobaini, wasioona kama yeye, nao wakajiunga mchana mmoja wakiwa ofisi moja. Karani akawapitisha mlangoni mmoja mmoja.

Hakuna hata mmoja aliyegusa kipanya. Utaelekezaje mshale usiouona?

Basi mlinzi wa Kasri, ambaye naye ni mashine, akaona wageni arobaini wasiogusa kipanya, akajijibu mwenyewe: roboti. Akafunga.

Nikampigia Chuma.

"Msimbo tunao?" akauliza.

"Kila mmoja ana nakala yake."

"Basi tulia, mama."

"Chuma, na yale marekebisho mia nne?"

"Nakuja," akasema. Chuma, bila kubisha!

Watu walikuwa wameripoti maneno na alama mia nne zinazosomwa vibaya. Nilikuwa nayalimbikiza niyaingize kwa mkupuo mmoja kabla ya mtihani. Yote yalikuwa kwenye mijadala, na mijadala haimo kwenye msimbo. Imo ndani ya Kasri.

Na si makosa ya kuchekea. Mashine ilikuwa inaruka alama ya hasi. Hasi tatu inasomwa tatu. Mtoto anakokotoa vizuri kabisa, anafeli.

Nikaanza kubisha hodi.

Kukata rufaa, jaza fomu. Kuifungua fomu, ingia kwenye akaunti. Kuingia kwenye akaunti, akaunti iwe wazi. Nikapiga simu, sauti laini ikaniambia: "Kwa msaada, tafadhali ingia kwenye akaunti yako."

Nikarudi mlangoni. Chagua picha zenye ngazi. Nikachagua, kwa macho yangu mawili mazima.

"Jaribu tena."

Nikajaribu tena. Na tena. Nilifika mahali nikatilia shaka ngazi za nyumba yetu.

"Labda kweli wewe roboti," Chuma akasema. "Chuo kizima hukuwahi kunyoosha mkono."

Utani ule ulinichoma kuliko alivyojua.

Siku ya tano mwalimu akapiga. "Binti yangu, mtihani wiki ijayo. Ile hasi imekaa sawa?"

"Hiyo naikumbuka, mwalimu. Nimeirekebisha."

"Na mengine yote?"

"Tunashughulikia."

Nikakata simu. Walioripoti nilikuwa nawajua kwa majina yao ya Kasri tu. Ningewapata wapi?

Siku ya sita nikaenda kwa Shangazi. Alikuwa anakunja mashuka, ncha kwa ncha, kama kawaida yake. Nikakaa sakafuni, nikalia kimyakimya.

Kwake kulia kimyakimya hakusaidii.

"Pua imeziba upande mmoja," akasema. "Haya, toa."

Nikamweleza. Akaendelea kukunja.

"Hiyo mijadala, ndiyo zile barua za 'Habari zenu, naripoti kosa'?"

"Umezijuaje, Shangazi?"

"Si zinakuja kwenye simu yangu kila asubuhi?"

Nikaichukua simu. Barua pepe elfu sita na ushee.

Miaka minne nyuma nilikuwa nimeandikisha anwani yake kwenye akaunti ya mradi, nipime kama taarifa za Kasri zinasomeka vizuri. Nikasahau kumtoa. Kila kilichoandikwa mle, nakala ilimfikia.

"Mbona hukuzifuta?"

"Nifute watu wakiwa wanaongea? Opareta hakati simu ya mtu."

Nikamkumbatia na mashuka yake.

"Usinifurahie bado," akasema. "Kuna barua ya wiki ya kwanza kabisa. Bwana mmoja asiyeona aliandika kwamba ameshindwa mlangoni, ikabidi mtoto wake amwingize. Wewe ukajibu, 'Ahsante, tumepokea.' Nikawa nasubiri useme neno la pili."

Nikaiweka simu chini.

"Nilijua, Shangazi. Nilijua hata kabla hatujachagua."

"Na mimi nilijaribu kuingia," akasema taratibu. "Mara tatu. Nilitaka niwaandikie kwamba ile sauti sasa imepona mafua."

Miaka minne. Mtu niliyemtengenezea kitu chote kile alikuwa nje ya mlango, anasikiliza wenzake wakizungumza ndani. Na mlango ule niliuchagua mimi.

Siku mbili tulishinda sebuleni kwake. Yeye anafungua barua, mashine inasoma, mimi na Chuma tunaingiza. Marekebisho yote yakaingia. Mtihani ukafanyika, hasi ikasomwa hasi.

Tulipokaa kuchagua nyumba mpya, Chuma akaja na kasri lingine, zuri kuliko la kwanza.

"Hapana," nikasema.

Akageuka kuangalia nani kaongea.

"Aingie Shangazi kwanza. Peke yake. Akishindwa, hatuhamii."

Kwenye lile kasri jipya alikwama. Tukamfungulia Kibanda. Vidole vikapapasa kibodi, dakika nne, akawa ndani. Akaandika ujumbe wake wa kwanza: "Habari zenu, naripoti kosa. Huyu dada anayesoma anaharakisha mno. Anawahi wapi?"

Wiki tatu baadaye Kasri wakaniandikia: "Mpendwa mtumiaji, tumejiridhisha kuwa wewe ni binadamu." Vyote vilikuwa vimeshafutwa.

Siku hizi nikipelekwa mahali kuchagua huduma, siulizi ina rangi gani. Nauliza nani atabaki nje, na siku tukitaka kuondoka tutatoka na nini.

Na wewe mwenye aibu kama mimi: lile neno lililokukaa kooni kikaoni, liseme. Sauti ikitetemeka, itetemeke tu. Huenda kuna mtu nje ya mlango anaisubiri.