Mizu Nara

Niseme mapema: mimi si mtu wa kuamini mauzauza. Tangu usichana nilikuwa mbishi, na mama alikuwa akisema ulimi wangu utanifukuzia wachumba wote wa Rungwe. Lakini ile chupa ya wiski ilinitoa jasho, na Tukuyu si mahali pa kutoka jasho ovyo.

Ilikuwa miaka ya ruksa, maduka yamejaa sabuni na redio kama vile hatujawahi kupanga foleni. Chumba chetu cha mbele alipanga Mjapani wa mradi wa maji. Kaka yangu alikuwa akimchimbia mitaro kule Kinyala, wakawa watani wakubwa. Kazi ya mitaro ilipokwisha, kaka akaenda Chunya kuchimba dhahabu, akasema Krismasi atakuwa nyumbani. Krismasi ikapita, ikapita na nyingine. Hakuna salamu wala mtu aliyemwona.

Siku ya kuondoka, Mjapani alitoa chupa sandukuni akampa mama kwa mikono miwili.

"Ya kaka," alisema. "Akirudi."

Mama alikuwa akipika kimpumu, pombe yetu ya ulezi, na kuiuza hapo hapo uani. Akataka kujua hii inapikwaje. Mjapani akaeleza kwa Kiswahili chake cha kuokoteza, mikono ikisaidia. Baba yake alikuwa fundi mapipa kwenye kiwanda cha wiski huko kwao milimani, penye maji baridi na ukungu kama wetu. Shayiri inalowekwa, inaachwa iote, inakaushwa.

"Kimea!" mama akasema. "Kumbe ni kama yangu."

Kimea hicho kimoja tu, hakichanganywi na nafaka nyingine. Kikishachacha kinachemshwa kwenye chungu cha shaba, mvuke unakingwa, halafu unachemshwa tena.

"Gongo!" Mama akapiga makofi. "Huyu baba atatufungisha!"

Mjapani alicheka, akasema bado. Ile ikitoka ni kali tu, haina adabu. Inatiwa kwenye pipa la mbao, inalala humo miaka, na mbao ndiyo inayoifundisha rangi na harufu. Mbao ya kwao ni ngumu, inapinda na kuvuja, mafundi wanailaani. Ukiivumilia muda mrefu, inatoa harufu ya ubani wa hekaluni. Na kila mwaka pipa linapungua bila kuguswa, watu husema wamekunywa malaika. Mama akauliza mbao yenyewe inaitwaje.

"Mizu nara," akajibu.

Nilikuja kujua baadaye kwamba hilo ni jina la mti, mwaloni wa kwao. Ila mama alishamzoea Mjapani na sarufi yake iliyovunjika, na yeye alisikia mizimu nalala. Mizimu inalala humo! Nilimwambia hapana, hilo ni jina tu. Akanitazama kwa huruma. Malaika hawanywi pombe, alisema, wanaokunywa bila kuonekana tunawajua.

Chupa ikawekwa kabatini chumbani kwa kaka. Mjapani akaenda zake.

Msimu wa mvua ndefu, ukungu ukiwa umeshuka mpaka milangoni, harufu ikaanza. Mchana, nyumba imetulia, unapita ukumbini inakupiga puani, tamu na nzito, kisha haipo. Nikasema ni mapua yangu. Ndipo fundi cherehani wa jirani, mzee wa Kiislamu ambaye babu zake walitoka pwani, akaja na gauni la mama, akasimama mlangoni asiingie.

"Binti, mnafukiza udi?"

"Sisi? Udi tuutoe wapi, mzee?"

Akavuta pumzi tena. "Kwetu udi kama huu tunafukizia sanda," alisema. Akaniachia gauni akaondoka bila hata kungoja chai.

Nikaenda kabatini. Kizibo kipo, karatasi yake ipo, lakini wiski ilikuwa imeshuka chini ya shingo ya chupa. Jasho likanitoka, sitadanganya. Siku za mbele ikawa imeshuka zaidi.

Mama hakushtuka. Alitaka tukae msiba. Mwanawe anakunywa, kwa hiyo mwanawe yuko walipo wenzake, aliliwe apumzike. Nikawaka! Nikasema ole wake mtu atakayemwita kaka yangu marehemu katika nyumba hii. Tukimlilia leo, kesho nani atakwenda Chunya kumuulizia? Shangazi alilitaja neno hilo jikoni, nikamtoa na sufuria yake. Kumlilia mtu aliye hai ni kumzika, na mimi nilimtaka kaka yangu hai.

Alasiri moja nilimsikia mama chumbani kwa kaka.

"Ugonile," alikuwa akisema, salamu yetu ya Kinyakyusa ya kumuuliza mtu amelalaje.

Nikasukuma mlango. Chupa ilikuwa imelazwa kitandani, kichwa kwenye mto, imefunikwa kanga. Nikaing'oa. Godoro chini yake limelowa, na kizibo kimelainika kama ugali.

"Mama! Pombe kali hailazwi, inakula kizibo! Inavuja! Hakuna mizimu, hakuna anayekunywa!"

"Najua inavuja," alisema polepole. "Godoro nimelishika. Lakini harufu ilikuja kabla sijamlaza."

"Sijailaza! Sema sijailaza, ni chupa!"

"Kabla sijamlaza."

Ile harufu ilikuwa imejaa chumba kizima, na hasira ikanipanda hadi machoni.

"Marehemu hanywi wiski, mama!"

Nje matone yalikuwa yakianguka kwenye migomba. Neno lilikuwa limeshanitoka mwenyewe. Mama alinitazama, wala hakuwa na ushindi usoni. Akaitoa kanga kitandani, akajifunga kiunoni, akanipita. Nilisikia kilio chake kikianzia uani.

Wanawake wakaja mbio kutoka kila upande, mikeka mabegani. Wakamuuliza nani ameleta habari. Mama akanionyesha mimi.