Jani Lenye Kilimi

Kuna siku moja siisahau, mwanangu Neema, ingawa siku hizi nasahau mengi, hata mahali ninapoweka miwani yangu. Ulikuwa mwezi wa Februari. Nilikuwa binti wa miaka kumi na minane, nimemaliza kidato cha nne, nasubiri matokeo nyumbani kwa shangazi yangu Salome, huku huku Lumemo. Nakusimulia leo kwa sababu Jumatatu unaondoka na wale wataalamu kwenda kuhesabu aina za mimea bondeni, na juzi ulinionyesha simu yako inavyopiga picha jani na kulitaja jina. Nilifurahi, nisikufiche. Niliifuata hiyo simu ua mzima kama mtoto anayemfuata muuza maandazi. Lakini ulipoondoka nilikaa nikaliwaza shamba la shangazi.

Maana umri huo, mwanangu, simu nilikuwa mimi. Ukinionyesha mmea nakujibu kabla hujamaliza kuuliza. Shuleni tulifundishwa jinsi viumbe hai vinavyopangwa: himaya, faila, ngeli, oda, familia, jenasi, spishi. Nilizitaja zote bila kumeza mate. Nilikuwa na daftari la michoro, na jinsi nilivyolipenda, sikumruhusu mtu kulishika.

Shangazi hakuvuka darasa la nne. Ila kila msimu wanawake wa upande wetu walimletea mpunga awachagulie mbegu. Alikaa na ungo, akatenga Supa huku, Shingo ya Mwali huku, Rangi Mbili huku, punje kwa punje, na aliyepanda mbegu yake shamba lilimwivia kwa pamoja. Hakuwa na cheo kingine duniani. Hicho kilimtosha.

Basi zikaja habari kutoka Chita kwamba binti yake amejifungua kwa shida. Shangazi akafunga kanga zake kuwahi treni, na palizi ilikuwa imefika.

"Teo, mpunga mchanga unaujua?" akaniuliza mlangoni.

"Naujua, shangazi. Mpunga si ni jamii ya nyasi? Tumesoma."

Akaniangalia kidogo. "Ukikwama muulize mama Zainabu, shamba lake si lile pale?"

"Sawa, shangazi."

Ukweli ni kwamba mpunga niliujua wakati wa kuvuna tu. Kila Februari nilikuwa bwenini. Kuuliza si ujinga, wahenga walisema, lakini mimi nimuulize mama Zainabu, asiyejua kusoma, habari za mimea? Nilijiona nimemaliza.

Nikaingia shambani, maji yananifika kwenye vifundo vya miguu. Palikuwa na majani ya aina mbili yamechanganyika. Nikayatazama kisomi. Yote mishipa yake ilikwenda sambamba, yote mizizi yake ilikuwa ya nyuzinyuzi. Daftari langu likaishia hapo. Aina moja ilikuwa ndefu, imenenepa, kijani kibichi. Nyingine ilikuwa nyembamba na ya manjano kidogo. Nikahukumu: lililostawi ndilo lililopandwa, maana nani apande kitu dhaifu? Siku tatu niling'oa yale membamba. Niliyarundika kwenye tuta, na niliimba, mwanangu. Niliimba kwa sauti.

Shangazi alirudi siku ya nne, akaja moja kwa moja shambani. "Shikamoo, shangazi!" Alikuwa anatazama rundo.

Akachuchumaa, akachukua shina moja kutoka kwenye rundo, na jingine kati ya yale niliyoyaacha yamesimama. Hakupiga kelele. "Mtaka cha mvunguni sharti ainame," akasema. "Inama." Akalifungua jani pale linapokumbatia shina. "Hapa shingoni. Unakaona haka kangozi keupe, kembamba kama ganda la ndani la kitunguu? Hiki ni kilimi chake. Na pembeni ana vimasikio vyenye vinyweleo. Huyu ndiye mpunga. Sasa fungua hilo ulilolitunza."

Nikafungua. Pale shingoni palikuwa patupu, laini, hakuna kitu.

"Hilo ni gugu. Umeng'oa chakula, ukapalilia gugu."

Nililia. Lile shamba ndilo lilikuwa chakula chetu cha mwaka. Lakini Mungu anisamehe, huku nalia nilifungua jani la tatu, na la nne, na la tano. Nilikuwa nimekula wali miaka kumi na minane bila kujua kwamba mpunga una kilimi! Shangazi akaniona, na nusura acheke. Akanitembeza. Akanipa shina la ndago, gugu jingine, nilisokote kati ya vidole, nikasikia pembe zake tatu. Akanionyesha mpunga mwitu mtaroni, wenye kilimi na masikio yake kamili. "Huyu ni ndugu wa damu," akasema, "ila ni ndugu mwizi. Punje zake zinadondoka kabla hujaleta mundu."

"Na hiki je?" Nilishika kijimmea chenye ua la zambarau.

"Hicho sikijui." Alisema hivyo hivyo, kwa wepesi, akakifunga kwenye pindo la kanga aende akaulize. Hilo lilinishangaza kuliko kilimi. Mimi neno "sijui" lilikuwa halijawahi kunitoka.

Tukaanza kurudishia. Tulichimbua miche kwenye kipande nilichokuwa sijakifikia, pale iliposongamana, tukaijaza kwenye mapengo, na kila mche nilikagua shingo. Ndipo mama Zainabu na wenzake wawili wakapita njiani.

"Salome, shamba limepatwa na nini? Nani kapalilia hivi?"

Nilikuwa pale pale, matope hadi magotini. Nilifungua mdomo. Shangazi akanyoosha mgongo, akasema, "Ni mimi. Haraka ya safari, macho yakanidanganya."

Wakatazamana, wakapita. Mimi nikaufunga mdomo wangu.

Kwa nini alisema vile? Hakuniambia kamwe. Nadhani ni kwa sababu siku zile watu walisema kusomesha binti ni kumharibu, naye hakutaka niwe mfano wao. Tulivuna kidogo sana, tukala kwa kubania. Hilo lilipita. Lakini msimu uliofuata hakuna aliyemletea mbegu. Walikwenda kwa mwanamke mwingine. Msimu wa pili vilevile. Shangazi alikuwa akiufuta ungo wake vumbi, anasubiri siku mbili tatu, kisha anautundika tena ukutani. Niliona kwa macho yangu, nikaenda zangu chuo cha ualimu.

Nilifundisha biolojia miaka mingi. Shangazi alipofariki, msibani nikamsikia mama Zainabu akisema, "Marehemu alikuwa bingwa wa mbegu, macho tu yalimwangusha mwaka ule." Na mimi, mwalimu mzima, niliendelea kumimina chai.

Majuto ni mjukuu. Jana nilikwenda kwa mama Zainabu. Ni bibi kizee sasa, haoni vizuri, lakini akili anazo. Nikamweleza yote. Akauliza, "Sasa mimi nikamwambie nani, Teo? Wenzangu wote wameshazikwa."

Nilirudi nyumbani na swali hilo, mwanangu.

Kwa hiyo nisikilize. Simu yako ibebe, si adui. Lakini ikishataja jina, piga goti ulifungue jani mwenyewe. Usidhani kilichostawi ndicho chenye thamani, wala kwamba kinachofanana na kingine ni kile kile. Usichokijua sema hukijui, umuulize mvuvi, umuulize mpalilia shamba, hata kama hajui kuandika jina lake. Na ukikausha mmea kwenye karatasi, wataalamu wataweka kibandiko chenye jina la aliyeuchuma na jina la aliyeutambua. Hapo andika lako bila aibu, na ukigundua umekosea, rudi usahihishe kwa mkono wako. Jina la jani lililokosewa hufutika. Jina la mtu aliyebeba kosa langu mimi nimeshindwa kulisafisha.

Nenda salama. Mungu akukinge na nyoka na viboko wa bondeni, akupe wenzako wasioogopa kukukosoa, na siku utakapokosea akupe ujasiri wa kusema "ni mimi" wakati wanaopaswa kusikia bado wako hai.