Hakuna Aliyemroga Masanja

Jirani akichemsha majani ya mwarobaini, mimi nafunga dirisha. Mume wangu hunicheka, ati najifanya mzungu. Maji yale machungu ndiyo tuliyomwogeshea mdogo wangu Masanja, kule kambini upande wa Runzewe, tulikohamia baba akifuata rashi. Ndivyo wachimbaji wanavyoita mahali dhahabu inapoonekana ghafla na watu wakamiminika.

Masanja alikuwa mnene, jamani. Alijifunza kutembea kwa kufukuza kuku, na akianguka alimgombeza kuku. Tulilala kitanda kimoja, mguu wake juu ya tumbo langu, na asubuhi niliyeamka nimeloa ni mimi.

Akashikwa na homa, macho yakawa mekundu, kisha vipele. Shangazi, dada yake baba, akatundika khanga dirishani mwanga usimuumize. Akasema surua ni ya kila mtoto, iacheni itoke. Ukiichoma sindano inarudi ndani na kuua. Mama alitaka kwenda zahanati, wakamkataza. Siku alipoamua kumfunga mgongoni na kupanda bodaboda bila ruhusa ya mtu, Masanja alikuwa anapumulia mbavu. Jioni alirudi naye amefunikwa uso.

Mimi sikutoka hata kipele kimoja, na hilo ndilo lililowasha moto. Iweje kitanda kimoja, huyu afe, yule asiugue hata mafua? Shangazi akasema pana mkono wa mtu. Akaonyesha kwa mdomo nyumba ya bibi jirani, mwenye macho mekundu kwa moshi wa kuni, aliyezoea kumpa Masanja viazi. Wakakubaliana waende kwa mganga, mbaya atajwe. Baba akainuka. Mama, aliyekuwa amekaa chini tangu mazishi, akasimama mlangoni.

"Hakuna aliyemroga mwanangu. Atakayekwenda kwa mganga, akirudi hanikuti."

Hawakwenda. Lakini walimsema sana: mama gani huyu asiyetaka kumjua aliyemuua mtoto wake? Nami nilimchukia, nisiwafiche. Kila alipompa yule bibi shikamoo, nilimwona kama amemsahau Masanja.

Mwaka jana nilimpeleka binti yangu kliniki, Shinyanga mjini, kwa chanjo ya surua ya miezi tisa. Mama alinisindikiza. Sindano ilipoingia, mama alilia kuliko mtoto, mpaka nesi akashangaa. Nje, kwenye benchi, akaniambia kwamba mimi alinileta hapa hapa kabla hatujahama. Masanja alipofikisha miezi tisa tulikuwa porini, zahanati mbali, na baba akisema tutahama tena karibuni, atachanjwa hukohuko.

"Vipele vilipomtoka nilikuangalia wewe," akasema, "nikajua."

Miaka yote hiyo nilidhani mama hataki kumjua aliyemuua mwanawe. Kumbe alijiona ni yeye, na akakataa kumtwisha bibi wa watu.