Shingo Safi

Tarun anaogopa vumbi kama wengine wanavyoogopa nyoka. Anafuta meza, anafuta kiti, anafuta kitasa cha mlango kabla mteja hajafika kwenye ngazi. Mimi natengeneza fremu za picha chumba cha pili cha studio yake hapa Kitale. Kwa miaka sita nimemtazama, na bado sijaona alichonacho cha kujivunia zaidi ya usafi.

Baba yake, marehemu Ranjit, alikuwa mpiga picha wa kweli. Kila Agosti ya mwaka wa tohara alifunga kamera kwenye pikipiki akashuka Bungoma, akazunguka Kimilili, Chwele na Kabuchai, akilala kwa watu na kula alichopewa. Alirudi na matope hadi magotini. Kila negativu aliitia katika bahasha yake, na juu yake akaandika kwa penseli, kwa Kipunjabi, ni ya nani na siku hiyo kulitokea nini. Aliacha makopo kumi na tisa ya bahasha hizo, kila kopo na mwaka wake.

Mwanawe hajui kusoma Kipunjabi. Hakutaka kujifunza, alisema ni maandishi ya wazee. Alikwenda Nairobi akasomea kompyuta miezi tisa, akarudi na skana, kiti cha kuzunguka na maneno mengi. Sasa kazi yake ni kuskani negativu za baba yake na kufuta vumbi na mikwaruzo, watu wa Bungoma wakija kutafuta sura zao na za wazazi wao. Simnyimi haki yake, mkono anao. Anaikuza picha mpaka jicho la mtu linajaa skrini, anaondoa punje moja moja, anaziba mkwaruzo kwa ngozi ya pembeni usijue ulipita wapi. Lakini sijawahi kumsikia akimuuliza mteja swali hata moja. Akimaliza, negativu anaitupa kwenye debe la taka. Ati ya nini tena, na picha mpya ipo?

Jumanne moja alikuja Wanyonyi, mkulima wa miwa kutoka Kabuchai, mtu wa miaka hamsini na kitu, koti lake limepigwa pasi mpaka linang'aa.

"Kijana yangu," alimwambia Tarun, "baba yako alinipiga picha mwaka wa themanini na sita, siku nilienda kwa khocha, ndugu ya mama yangu. Sasa khocha amekufa, tunazika Jumamosi. Watoto wake wanasema ati mimi si mpwa, ati baba yao hakunichinjia. Mama alinizaa nje, unaona. Nataka kusimama na wapwa wengine pale kaburini. Na wale waliona siku hiyo wamekufa wote. Imebaki hiyo picha tu."

"Sawa mzee," Tarun akasema, sikio moja limezibwa na muziki. "Nitakutoa kama umezaliwa jana, bana."

Wanyonyi alikaa saa mbili juu ya kopo la mwaka huo, akiinua negativu moja moja dirishani. Alijitambua kwa masikio. Alitabasamu peke yake, akaenda.

Alhamisi Tarun aliniita nione. Kwenye skrini alisimama mvulana kifua wazi, amepakwa kitu cheusi cheusi, na shingoni palikuwa na mstari mpana, mweupe, ukishuka hadi kifuani.

"Angalia uchafu, Nyaruai! Hawa watu si hata walikuwa wanaoga? Na hapa shingoni negativu imekwaruzwa upana wa kidole."

Nilicheka. Heri niseme mwenyewe: nilicheka. Nami nilikuwa nimesikia kila neno la mzee kupitia ukuta wa mbao.

Alishinda mchana kutwa juu ya shingo ile. Mimi nikaandika vipimo kwenye karatasi iliyokuwa karibu, nikakata fremu, nikaifunga picha kwa karatasi ya kaki. Ijumaa Wanyonyi aliichukua bila kuifungua. Alisema ataifungua mbele yao.

Jumatatu alirudi na koti lile lile. Aliiweka fremu juu ya meza iliyokwisha kufutwa.

"Nilifungua mbele ya watu," alisema. "Mtoto mkubwa ya khocha akaangalia, akauliza, luliki iko wapi?"

"Luliki ni nini?" Tarun akauliza. Swali lake la kwanza kwa mteja, na limechelewa siku nne.

Wanyonyi alimweleza polepole, kama unavyomweleza mtoto. Luliki ni ukanda wa nyama ya kifua cha ng'ombe ambaye mjomba amemchinjia mpwa wake anayekwenda kutahiriwa. Mjomba mwenyewe anakuvika shingoni, unarudi nayo nyumbani watu wakiimba, kila mtu aone kwamba una kwenu. Na kile cheusi kifuani kilikuwa kinyesi cha tumbo la ng'ombe huyo huyo, mjomba alimpaka kwa mkono wake.

"Wakaniambia nisimame nyuma, na majirani. Khocha amezikwa mimi nikiwa na majirani."

Tarun alikuwa amehifadhi picha safi juu ya ile chafu kwenye kompyuta, chafu ikapotea. Negativu ilikwenda na debe la taka, na taka zake nilizichoma mimi, Ijumaa, pamoja na maranda yangu. Unadhani aliomba msamaha? Alikivuta kiti chake cha kuzunguka.

"Hakuna shida, mzee. Naangalia picha ya nyama kwa mtandao, naiweka hapo shingoni. Hakuna mtu atajua."

Hakuwa akifanya mzaha, jamani. Vidole vilikuwa tayari vinaandika.

"Nyama ya buchari?" Wanyonyi akauliza. Tarun akachukua kitambaa akafuta kibodi, na mimi nikamdharau.

Ndipo nilipoikumbuka bahasha ya negativu ile. Nikaitoa kwenye droo yangu, nikampeleka Wanyonyi uani kwa Manju, mjane wa Ranjit, aliyekuwa akichambua dengu juani. Alivaa miwani, akasoma akitafsiri pole pole.

"Kabuchai, Agosti tisa. Mvulana Wanyonyi. Mjomba amemchinjia fahali mwekundu. Amemvika nyama shingoni. Mjomba amelia."

"Mama, soma tena hapo mwisho," Wanyonyi akaomba.

"Mjomba amelia."

Wanyonyi aliipokea kwa mikono miwili. Akaigeuza. Nyuma palikuwa na tarakimu za kalamu ya bluu.

"Na hii ni mwandiko ya nani?"

"Wangu," nikasema. "Ni vipimo vya fremu."

"Kwa hivyo ulikuwa nayo," akasema. "Tangu Alhamisi."