Mshono wa Magamba

Mama Gesi hukata kwa moto bunduki zilizonaswa kwa majambazi, huku afande amesimama pembeni akishuhudia na kupiga miayo. Miaka tisa hajawahi kubabaika. Leo asubuhi aliinua moja, akaigeuza, akaigeuza tena. Chuma kilikuwa na mkato alioukata yeye mwenyewe mwaka jana, ule wa mshazari, nao umeungwa upya.

"Mbona umeduwaa, mama?" afande aliuliza.

Aliupapasa mshono. Vitone vyake vilikuwa vidogo, vimelaliana kama magamba ya samaki. Mtu mmoja tu huchomelea hivyo, na ndiye anayebeba vipande vya bunduki zilizokatwa kwenda kuyeyushwa.

Alizima moto, akavua miwani.

"Andika, afande. Aliyeiunga ni mume wangu. Kuchomelea nilimfundisha mimi."