Mzazi wa Kukodi

Mama Kahindo alichoka kuitwa mkali. Mkali ni nani, aliuliza, kama si mtu aliyeachiwa kazi ya watu sita? Alikuwa mkurugenzi wa nidhamu katika shule moja ya sekondari mjini Goma, DD, kwa kifupi cha Kifaransa, midomoni mwa wanafunzi. Katika miaka minane ya kazi hiyo walikuja waasi wa kwanza, wakaja wa pili, na mwezi wa kwanza wa mwaka 2002 mlima wa volkano nao ukaona usibaki nyuma. Lava ilishuka hadi katikati ya mji ikala shule nzima, madawati, madaftari na ile kengele aliyoipigania miaka miwili.

Sasa shule iliazima madarasa ya shule ya msingi kule Keshero, zamu ya mchana. Vijana wa mwaka wa sita, wenye ndevu zao, walikaa kwenye madawati ya watoto wa miaka saba, magoti yakigusa kidevu. Mwalimu wa hesabu aliuza makaa asubuhi na kufika darasani amechelewa, vidole vyeusi. Kahindo akimkemea, yeye humwuliza kwa upole ni serikali ipi hasa inayomtaka awahi. Basi hapo umwambie nini?

Na wazazi! Usimwulize Kahindo habari za wazazi. Aliitisha mkutano, wakaja wanne, na mmoja wao alikuwa akitafuta zahanati. Wahenga wanasema asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu, lakini hapo Goma mama alikuwa sokoni na ulimwengu ulikuwa na shughuli zake, kwa hiyo wote wawili walimwachia Kahindo. Silaha aliyobaki nayo ilikuwa kikaratasi kimoja tu: usirudi shuleni bila mzazi.

Wanafunzi nao si wajinga. Walianza kukodi wazazi. Umpe mtu mzima kipande cha sabuni, umfundishe jina lako lote njiani, anaingia ofisini amevaa koti anakuwa baba yako kwa dakika kumi. Kahindo alijifunza kuwatambua. Mzazi wa kukodi ana adabu kupita kiasi. Anakubali kila kosa kabla halijatajwa, kisha anamgeukia mtoto na kumzaba makofi, pa! pa!, mpaka DD mwenyewe anasema inatosha.

Bingwa wao alikuwa muzee Habarurema, mshona viatu wa njia panda karibu na shule, mtu wa Kibumba aliyekimbilia mjini na sindano yake. Mwezi wa pili alikuja kama baba mdogo wa kijana mmoja. Mwezi wa tatu akaja kama baba mzazi wa kijana mwingine, koti lilelile, makofi yaleyale. Kahindo alipokuja kugundua alishikwa na hasira ya wiki nzima. Kwa hiyo alipomwona Ijumaa ile mlangoni, kofia mkononi, msichana nyuma yake, karibu acheke. Siku za mwizi arobaini.

"Nimekuya juu ya mutoto," alisema Habarurema. "Igiraneza. Miye ndiye papa yake."

Igiraneza alikuwa msichana wa mwaka wa sita, kichwa kizuri, mdomo mrefu. Jumatatu mwalimu wa jiografia alikuwa akifundisha kwamba lava hutembea polepole na watu hupata muda wa kuondoka, binti akanyoosha kidole: "Mwalimu, ile siku ulikuwa wapi?" Darasa likaanguka kwa kicheko. Mwalimu alichukua chaki zake, akatoka, akaapa hatarudi mpaka mzazi wa huyo binti aje amwombe radhi. Kahindo alikuwa na mwalimu wa jiografia mmoja tu. Akamwambia binti wazi: mzazi asipofika kabla ya Ijumaa saa kumi, jina linatoka kwenye orodha ya mtihani wa Taifa. Na saa kumi orodha ilikuwa inaondoka na prefe, yaani mkuu wa shule, Bwana Paul, kwenda kwa mkaguzi. Ikishaondoka, hairudi hadi mwaka ujao.

Ilikuwa saa tisa na nusu.

"Muzee Habarurema," alisema Kahindo, "una watoto wangapi katika shule yangu?"

"Mumoja."

"Mwezi wa pili ulikuwa na mwingine. Mwezi wa tatu mwingine. Unazaa haraka!" Alichukua kalamu, akapiga mstari juu ya jina la Igiraneza mbele ya macho yao. Alifurahi kuupiga, na hilo hakulificha.

Binti alianza kulia. "DD, ni papa yangu wa kweli!"

"Kitambulisho?"

"Lava ilikula," alisema mzee.

"Lava! Mji huu kila kitu kililiwa na lava, isipokuwa uongo. Haya, muzee, unajua kazi yako. Mupige basi, tumalize mchezo."

Habarurema alimtazama binti yake, kisha akatazama mikono yake mwenyewe. Hakuinyanyua.

"Sitamupiga."

"Wale wengine uliwapiga vizuri sana."

"Wale hawakukuwa wangu." Aliokota mfuko wa daftari wa binti. "Mutoto aliuliza ukweli. Ile siku mama yake alikufia njiani, na huyo mwalimu anasema lava ilitembea polepole. Tuende, Igi."

Wakatoka.

Kahindo alibaki na kalamu hewani. Miaka minane, wazazi wa kukodi wangapi, na hakuna hata mmoja aliyewahi kumkatalia. Alijua huyu hakukodiwa. Aibu ilimpanda hadi masikioni, na juu ya aibu hasira: huyu mzee angekuwa mwaminifu tangu mwanzo, nani angemshuku? Alitoka mbio, orodha na kalamu mkononi, juu ya mawe meusi ya lava, kiatu kimoja kikimvuka, akimpita Paul aliyekuwa akiwasha pikipiki.

"Muzee! Ngoja!" Aliwafikia langoni akihema. "Na wewe, kwa nini ulikuwa unanidanganya na watoto wa watu?"

Habarurema aligeuka. Sasa yeye ndiye aliyekuwa amechoka.

"Mama, ule wa kwanza, papa yake alibebwaka na vita, hajarudi. Ule wa pili, wazazi wake wote walibaki Masisi, hatujue kama wazima. Uliwaambia wasirudi bila muzazi. Ulitaka waokote muzazi wapi?"

Nyuma yao pikipiki ya Paul ilikuwa ikinguruma na saa ikienda. Kahindo alikunjua orodha juu ya paja, akaandika upya jina la Igiraneza chini ya mengine yote, kwa herufi kubwa, kisha akamnyooshea mzee kalamu.

"Saini hapa. Mahali pa mzazi."

Habarurema aliinama, kalamu tayari, halafu akasita. Aliuliza bila mzaha wowote, kama mtu anayetaka kuifanya kazi sawasawa:

"Nisaini jina gani?"

"Lako, papa," alisema Kahindo. "Leo saini lako."