Aliyemgeuza Okullo

Kwa miaka mitatu Akwero alimgeuza mumewe kitandani kila baada ya saa mbili, mchana na usiku. Okullo alikuwa sajini wa polisi. Kiharusi kilimwangusha mwaka sabini na mbili, kikamwachia macho na mkono mmoja, na sauti kikaichukua. Sabuni ilikuwa imeadimika Kampala nzima, lakini shuka zake zilikuwa nyeupe. Sisi wake wengine wa kambi ya polisi tulimcheka Akwero. Sisi tulichuuza mboga sokoni Kalerwe. Yeye, tukasema, anakula bure.

Mwaka sabini na tano wakaja wanajeshi kuwasaka askari wanaojisingizia ugonjwa. Kwetu kambini, siku ya ukaguzi kila kitu lazima king'ae. Basi Akwero, maskini, akamnyoa mumewe, akamvika sare iliyopigwa pasi, akamkalisha kitini kwa mito.

"Hii ndiyo mgonjwa?" afande wa wanajeshi akauliza. Akampandisha shati, akamkagua mgongo. "Hapana kidonda hata moja! Nani nachunga yeye?"

"Hakuna, afande," Akwero akajibu.

"Na wewe, nafanya kazi gani?"

"Hapana kazi, afande. Mimi nakaa tu."

Ndivyo tulivyozoea kujibu sote; mke wa askari hajisifu mbele ya wakubwa. Nilikuwa nimesimama pale mlangoni. Ningeweza kusema. Niliogopa, na hadi leo najichukia.

"Kama hapana mtu nachunga yeye, na mwili iko mzuri hivi, basi nadanganya serikali." Akamwamuru Okullo asimame. Hakusimama. Wakamburuta hadi kwenye lori, Akwero akiwafuata kwa magoti, akilia kwamba ni yeye anayemlisha, ni yeye anayemwosha. Afande akacheka: si amesema mwenyewe hana kazi?

Walimrudisha siku ya sita, amefungwa ndani ya blanketi. Akwero alipolifungua, harufu ilitutoa nje. Mfupa wa nyonga ulikuwa unaonekana ndani ya kidonda. Akamuuliza askari aliyemleta ni nani aliyekuwa akimgeuza.

"Kugeuza?" askari akashangaa. "Sisi iko watu sita pale, mama. Hapana mtu naambia sisi hiyo ni kazi."

Okullo alikufa Jumapili. Alhamisi Akwero akatolewa nyumbani; nyumba zile, walisema, ni za watu wanaofanya kazi.